Upanga wa Samurai Unasomwaje? Somo kwa Anayetaka Kujua Kabla ya Kumiliki

Wenzangu wengi hapa chuoni wakisikia neno samurai wanawaza filamu: jamaa kashika upanga, adui kaanguka kabla hajapepesa macho. Sio vibaya, filamu ni tamu. Ila upanga halisi, ule uliofuliwa miaka 700 iliyopita na bado upo, una mambo mengi kuliko kukata. Kule Japani kuna watu wanaousoma kama sisi tunavyosoma kitabu. Wanaangalia chuma kitupu, mpini umefichwa, wanasema ulifuliwa sehemu gani, karne gani, na mara nyingine fundi gani.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo kilichonivuta sio vita. Kilichonivuta ni namna watu hawa wanavyofundishana. Hoja yangu katika somo hili ni moja tu: panga hizi hazikudumu kwa sababu matajiri walizinunua. Zilidumu kwa sababu walikuwepo watu waliojifunza kuzisoma. Tutaanza na upanga wenyewe, twende kwenye kuusoma, halafu tuone jinsi mwaka 1945 ujuzi huo ulivyogeuka kuwa tofauti kati ya upanga kubaki na upanga kuangamizwa.

1. Tujuane na upanga kwanza

Kipimo cha zamani cha Wajapani ni shaku, na shaku moja ni kama sentimita 30.3. Upanga wenye bapa la shaku mbili au zaidi ndio mrefu. Kati ya shaku moja na mbili unaitwa wakizashi. Chini ya shaku moja ni tanto, yaani jambia tu.

Ule mrefu nao una aina mbili kubwa. Tachi ulining'inizwa kiunoni, makali yakitazama chini. Ni upanga wa mpanda farasi. Katana ulikuja baadaye, ukachomekwa kwenye mkanda makali yakitazama juu. Katika enzi ya Tokugawa, 1603 hadi 1868, samurai alitambulika barabarani kwa kuvaa panga mbili, mrefu na mfupi.

Sasa shika neno hili: msuka. Ni kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, kama kwenye kisu au jembe. Wajapani wanaita nakago. Unashikiliwa na kijiti cha mwanzi. Ukikisukuma kikatoka, mpini unavuka na msuka unabaki wazi. Katikati, kati ya mpini na bapa, kuna kingio cha mkono kinachoitwa tsuba. Tutarudi kwenye vyote viwili.

2. Chuma kinavyopikwa

Chuma cha upanga kinaitwa tamahagane. Kinatoka kwenye mchanga wa chuma, unaochomwa kwa mkaa ndani ya tanuri la udongo linaloitwa tatara. Moto unawaka siku tatu mchana na usiku. Katika tanuri linalotumika leo huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, kila uchomaji unakula takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa, na mwisho linatoka bonge la tani 2.5 hivi. Tena sio bonge lote linafaa. Mafundi wanalivunja na kuchagua vipande.

Mhunzi anachukua vipande vile, anavipasha moto, anavigonga na kuvikunja. Anakunja tena na tena. Watu wanapenda kusema upanga umekunjwa mara milioni, hiyo si kweli. Fanya hesabu mwenyewe: kila mkunjo unazidisha matabaka mara mbili, kwa hiyo mikunjo 10 inakupa matabaka 1,024, na mikunjo 13 inakupa 8,192. Inatosha kabisa. Lengo ni kutoa takataka na kusambaza kaboni sawasawa.

Kisha inakuja hatua inayowatoa mafundi jasho. Bapa linapakwa udongo, mzito upande wa mgongo, mwembamba upande wa makali. Linapashwa moto hadi rangi fulani ambayo fundi anaijua kwa macho, ndiyo maana kazi hii hufanyika gizani, halafu linazamishwa majini. Makali yanapoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo unapoa polepole na kubaki laini kiasi, usikatike kirahisi. Upande wa makali unapanuka kidogo, na hilo ndilo linaloongeza mpindo ule mzuri tunaouona. Mpaka kati ya sehemu ngumu na laini unabaki kama mstari mweupe wa ukungu kwenye chuma. Huo unaitwa hamoni, na upanga ukipasuka ndani ya maji, kazi ya wiki nyingi imekwisha.

Mhunzi hafanyi peke yake. Kuna mnoaji, ambaye anapitisha bapa kwenye mawe mengi, kutoka yenye chembe kubwa hadi vipande vyembamba anavyosugulia kwa kidole gumba. Kuna fundi wa ala, fundi wa mpini, fundi wa tsuba. Kila mmoja amejifunza kazi yake tu kwa miaka.

3. Kusoma upanga, hatua tano

Anayejifunza hufuata mpangilio, harukiruki. Mpangilio wenyewe, kwa ufupi, ni huu.

Kwanza, umbo. Tazama urefu, upana na mpindo. Upanga uliopinda zaidi karibu na mpini unaashiria enzi za zamani, wakati wa wapanda farasi. Umbo linakwambia wakati.

Pili, ngozi ya chuma. Ile mikunjo huacha alama kama nyuzi za mbao. Nyingine zimenyooka kama ubao uliopasuliwa vizuri, nyingine zina mizunguko kama kwenye fundo la mti. Hii inakwambia shule ya ufundi. Kwa panga za zamani, wataalamu wanazungumzia mapokeo makuu matano: Yamashiro, Yamato, Bizen, Soshu na Mino.

Tatu, hamoni. Iko iliyonyooka, iko yenye mawimbi. Na hapa Mzanzibari na Mpemba wataniunga mkono: iko moja inaitwa choji. Choji ni karafuu! Wajapani waliona mstari ule una vichwa vya mviringo vilivyobanana juu ya vikonyo, wakaona ni kama karafuu, wakaupa jina hilo. Ukiwahi kuona karafuu zimeanikwa kwenye jamvi, tayari una picha ambayo mwanafunzi wa Tokyo huenda akahitaji kuonyeshwa kwanza. Karafuu hizi za chuma ni alama kubwa ya mafundi wa Bizen, hasa wale wa shule ya Ichimonji.

Nne, ncha. Hamoni inapofika kwenye ncha hugeuka kurudi mgongoni, na kila shule ina mgeuko wake. Ncha pia ni ya kwanza kuharibika, kwa hiyo inaeleza kama upanga bado mzima.

Tano, na mwisho kabisa, msuka. Hapa ndipo fundi alipochonga jina lake. Kwa kawaida jina lilichongwa upande uliotazama nje upanga ukiwa umevaliwa, kwa hiyo upande wa jina peke yake unaweza kukuambia kama fundi alikusudia tachi au katana. Matundu ya kijiti yakiwa zaidi ya moja, upanga umebadilishwa mpini au umefupishwa. Panga nyingi za zamani zilikatwa msuka ili ziwe fupi, na jina likaondoka na kipande kilichokatwa.

Kwa nini jina liwe la mwisho? Kwa sababu jina linaghushiwa. Panga zenye majina ya uongo ni nyingi, na nyingine zilighushiwa karne kadhaa zilizopita, kwa hiyo hata uzee wa jina si ushahidi. Anayeanza na jina anauona upanga kwa macho ya jina hilo. Anayeanza na chuma anafika kwenye jina akiwa na swali: je, hili linalingana na nilichokiona?

Kuna jambo moja la msuka ambalo lazima nilisisitize. Kutu ya msuka haisafishwi. Haisuguliwi, haipakwi dawa. Bapa lote linang'aa kama kioo, lakini msuka unaachwa mweusi makusudi, kwa sababu rangi na ulaini wa kutu ile ndio unaoonyesha umri. Mtu mwenye nia njema akichukua msasa akausafisha, amefuta ushahidi wa miaka mia kadhaa kwa nusu saa, na hakuna fundi duniani wa kuurudisha.

4. Mtihani unaofundisha

Sasa tumefika kwenye sehemu yangu niipendayo. Utambuzi huu unaitwa kantei, na una historia ndefu. Ukoo wa Hon'ami ulifanya kazi ya kunoa na kutambua panga kwa karne nyingi, ukitoa vyeti kwenye karatasi iliyokunjwa. Karatasi ile iliitwa origami, na mpaka leo Mjapani akisema kitu kina origami anaweza kumaanisha kwamba ubora wake hauna shaka. Mwaka 1719 ukoo huo ndio uliomwandalia shogun Yoshimune orodha ya panga mashuhuri nchini.

Leo kantei inafanyika kwenye vikao vya kujifunza. Mezani zinawekwa panga kadhaa, mara nyingi tano, misuka imefichwa. Unainama kwa heshima, unaushika upanga, unautazama kwenye mwanga. Hakuna kuongea juu ya bapa, maana mate yanaleta kutu. Hakuna kugusa chuma kwa kidole. Kisha unaandika jina la fundi unayemdhani kwenye karatasi na kumpelekea mwamuzi.

Angalia majibu anayotoa. Ukipatia, anasema atari, yaani umelenga. Ukimtaja mwanafunzi au ndugu wa kisanaa wa yule fundi, anasema dozen, yaani karibu sawa na kupatia. Lakini ukikosa, hakupi sifuri na kukuacha. Jibu lake linaweza kukuonyesha kwamba eneo umepatia ila fundi siye, au kwamba enzi ndiyo umeikosea. Unarudi mezani, unautazama upanga uleule kwa macho mapya, unaandika tena. Kwa kawaida unapata nafasi tatu.

Wenzangu wa ualimu, si mnaona? Hiki ndicho tunachofundishwa kila muhula kwenye kozi za upimaji, kwamba mrejesho umsaidie mwanafunzi kujua alipokosea akiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Sisi wengine tunakariri madesa, tunaingia UE, matokeo yanatoka miezi baadaye yakiwa herufi moja. Mtu anajua kapata C ila hajui C ile imetoka wapi. Kwenye kantei, kukosa ni sehemu ya somo lenyewe. Mwisho misuka inafunuliwa, na mwalimu anaeleza kila upanga kwa nini ni wa huyu na si wa yule.

Na hii haina desa. Unaweza kukariri vitabu vyote, ila kama hujazoesha jicho, mezani utaumbuka.

5. Mwaka 1876, halafu 1945

Mwezi Machi 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na sherehe rasmi. Soko la wahunzi lilikufa karibu kwa siku moja. Waliokuwa na bahati walibadilisha kazi. Kano Natsuo, fundi mkubwa wa tsuba, alikuwa tayari ametumia ujuzi wake kutengeneza nakshi za sarafu mpya za nchi. Wengine walitengeneza vyombo vya mapambo vya kuuza nje. Wahunzi wachache waliendelea kufua, na mwaka 1906 wawili kati yao, Gassan Sadakazu na Miyamoto Kanenori, waliteuliwa kuwa wasanii wa kasri la mfalme.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zote zisalimishwe. Kwa askari mgeni, upanga ni upanga. Panga za jeshi zilizotengenezwa viwandani juzi tu, na panga za karne ya 13, zote ziliingia kwenye rundo moja. Nyingi sana ziliharibiwa au zikachukuliwa kama kumbukumbu za vita. Upanga mashuhuri uitwao Honjo Masamune, uliokuwa wa ukoo wa Tokugawa na uliotangazwa hazina mwaka 1939, ulisalimishwa kwenye kituo cha polisi mjini Tokyo, na mpaka leo haujulikani ulipo.

Nini kilizuia zote zisiishe? Wataalamu, akiwemo Honma Junji, walikwenda kuwaeleza Wamarekani kwamba si kila upanga ni silaha ya vita. Nyingine ni kazi za sanaa. Kanali Cadwell wa jeshi la Marekani aliwasikiliza. Ikakubalika kwamba zenye thamani ya sanaa zinaweza kubaki. Lakini fikiria: nani aseme upi ni upi? Mmiliki hawezi, kila mmoja atasema wake ni wa sanaa. Ilibidi wawepo watu wanaoweza kutazama chuma na kutoa uamuzi unaoaminika. Wangekuwa hawapo, ruhusa ile isingekuwa na maana yoyote.

Mwaka 1948 wataalamu hao walianzisha chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Japani. Na chama hichohicho, mwaka 1977, ndicho kilichowasha upya tatara kule Shimane, kwa sababu baada ya vita matanuri yalizimwa na chuma cha zamani kilikuwa kinakwisha. Leo anayetaka kuwa mhunzi lazima akae chini ya fundi mwenye leseni kwa miaka isiyopungua mitano. Akihitimu, anaruhusiwa kufua panga ndefu mbili tu kwa mwezi.

6. Mkusanyaji ni mtunzaji

Japani ya leo ina sheria kali za silaha, lakini upanga uliofuliwa kwa njia ya asili unaruhusiwa kukaa nyumbani ukiwa na hati. Hati hiyo inausajili upanga wenyewe, si mtu. Ukiuzwa, hati inakwenda nao, na mmiliki mpya ana siku 20 za kutoa taarifa. Na inatolewa na nani? Bodi ya elimu ya mkoa! Niliposoma hapo nilicheka kwa furaha. Mtu akikuta upanga kwenye dari ya babu yake, anaripoti polisi kwanza, halafu wataalamu wanaukagua kwa niaba ya bodi ya elimu. Ukionekana ni wa kiwandani wa wakati wa vita, hausajiliwi.

Mkusanyaji mzuri anajiona kama mtu aliyekabidhiwa zamu. Upanga ulikuwepo kabla yake na utakuwepo baada yake. Anauhifadhi kwenye ala ya mbao nyeupe isiyo na pambo, iliyogundishwa kwa gundi ya wali ili ikihitajika ifunguliwe na kusafishwa. Mara kwa mara anafuta mafuta ya zamani na kupaka mapya, tabaka jembamba sana. Mafuta hayo yanaitwa mafuta ya choji. Ndiyo, karafuu tena, maana yanatiwa mafuta ya karafuu kidogo yanayoyapa harufu yake.

Siku hizi hata mji mzima unaweza kuwa mkusanyaji. Upanga wa Yamatorige, kazi ya Ichimonji wa Bizen yenye karafuu nzuri ajabu, ulikuwa mali ya mtu binafsi. Mji wa Setouchi, uliko Osafune kwenyewe walikofanyia kazi mafundi wa Bizen, ulitaka kuurudisha nyumbani. Bei ilikuwa yen milioni 500. Mji mdogo, hela hamna. Wakaomba michango kwa watu wa nchi nzima, fedha zikatimia, na mwaka 2020 upanga ukawa mali ya mji. Wapo waliouliza kama fedha nyingi hivyo zitumike kwa kipande cha chuma. Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba inategemea kitakachofanyika baada ya kununua: ukifungiwa kwenye kabati ni hasara, watoto wakifundishwa kuusoma mahali ulikofuliwa, ni shule.

7. Wewe uanzie wapi?

Bumu halinunui katana, tusidanganyane. Wala huhitaji kununua. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York limefungua picha za vitu vyake vingi kwa matumizi ya bure tangu 2017, na lina mkusanyiko mkubwa wa silaha za Japani. Msimamizi wake wa kwanza wa idara ya silaha, Bashford Dean, alikuwa mtaalamu wa samaki; alikwenda Japani kuchunguza samaki akarudi na deraya. Makumbusho ya taifa ya Japani nayo yana picha nyingi kwenye intaneti.

Anza na tsuba, ni rahisi zaidi kwenye simu. Tundu la katikati ni la bapa. Ukiona matundu mengine pembeni, yalipitisha kisu kidogo na kijiti cha nywele vilivyokaa ubavuni mwa ala. Angalia metali: chuma cheusi, au shakudo, ambayo ni shaba yenye dhahabu kidogo inayotoa weusi mzito. Andika ulichoona kabla ya kusoma maelezo ya makumbusho. Kisha linganisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jina la fundi husomwa mwisho, wakati ndilo lililo rahisi kusoma?
2. Msuka wenye matundu matatu na usio na jina unaweza kukuambia nini?
3. Chukua kitu kimoja cha zamani nyumbani kwenu, iwe mkeka, kinu au kisu. Nani katika ukoo anaweza kusema kilitengenezwa wapi na kwa njia gani? Muulize likizo hii, na uandike majibu yake.